Kiburi Hakikubali Mizani

Kila Mpare aliyewahi kuishi Dar es Salaam, Moshi au Arusha ameshataniwa kwamba watu wa kwao huuza ng'ombe ili wapate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Watani wetu wanausimulia utani huo kama ushahidi wa ubishi na kiburi. Nasi tunaucheka pamoja nao, na wengine wetu tunajivuna kimoyomoyo tukisema angalau sisi hatuonewi. Ila ndani yake mna swali gumu kuliko linavyoonekana. Huyo mtu aliyepanda basi kwenda mahakamani anatetea kuku, au haki yake, au jina lake lisije likashuka mbele ya jirani? Kwa anayemtazama kutoka barazani haiwezekani kujua. Nauli ni ileile, hakimu ni yuleyule, na maneno atakayoyasema mbele ya hakimu huenda yakafanana neno kwa neno. Hata hivyo mtu wa haki anajithamini, na mtu wa jina ana kiburi, na kijiji kinachoshindwa kuwatofautisha kitamwadhibu asiyestahili. Jioni hii nitajaribu kuonyesha kwamba namna tuliyozoea kuwatofautisha ina kasoro, na kwamba historia ya milima hii ya Upare inatupa namna bora zaidi.

Tulivyozoea ni kuwatofautisha kwa kiasi. Tunasema asiyejithamini kabisa ni mnyonge, anayejithamini kwa kadiri ni mtu wa kujiamini, na aliyezidisha amekuwa na kiburi. Kwa mtazamo huo kiburi ni kujithamini kulikopitiliza, na dawa yake ni kupunguza: mshushe kidogo, mkate maneno mbele ya wenzake, mwoneshe kwamba yeye si lolote, atarudi kwenye mstari. Malezi mengi, darasani na nyumbani, yamejengwa juu ya nadharia hii bila hata kuitaja. Lakini kama kiburi kingekuwa ni kujithamini kwingi, basi mwenye kiburi angekuwa mtu mtulivu kuliko wote, maana angekuwa na akiba kubwa ya heshima moyoni na neno moja la kumponda lisingemtikisa. Tunajua sivyo alivyo. Mwenye kiburi hutikiswa na salamu iliyochelewa, au na kiti cha nyuma harusini, au na jina lake kutajwa bila cheo.

Wanasaikolojia wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa majaribio. Mwaka 1998 Brad Bushman na Roy Baumeister walichapisha utafiti ambao washiriki waliandika insha fupi, kisha baadhi yao wakarudishiwa insha zikiwa na maoni ya kuwaponda vibaya, wakiamini yameandikwa na mshiriki mwenzao. Baadaye walipewa mchezo wa kushindana na mtu huyohuyo, na aliyeshinda aliweza kumpigia mwenzake kelele masikioni kwa ukali anaoutaka yeye. Waliopiga kelele kali zaidi walikuwa wale waliopimwa na kuonekana wanajiona bora na wanastahili kusifiwa, tena walimpigia hasa yule aliyewaponda. Kujithamini kwa kawaida hakukuwa na uhusiano wa namna hiyo na ukali. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kupima kujithamini, kilichotungwa na Morris Rosenberg mwaka 1965, kina hoja kumi tu, na moja ya hoja hizo inamtaka mtu aseme kama anajiona ana thamani angalau sawa na watu wengine. Hakuna mahali kinapomuuliza kama anajiona kuwazidi. Kwa hiyo vitu viwili tulivyodhani ni kimoja chenye viwango tofauti, vikipimwa vinajitenga. Mtu anaweza kujithamini sana asiwe na kiburi hata chembe, na mwingine akawa na kiburi kingi huku moyoni hajithamini hata kidogo.

Kama si kiasi, basi tofauti iko wapi? Jibu langu ni kwamba iko kwenye kipimo ambacho mtu anakidai. Anayejithamini anadai apimwe kwa mizani ileile wanayopimiwa wenzake, na anaikubali hata inapomwonyesha amepungua. Mwenye kiburi anadai mizani yake peke yake, au anataka yeye ndiye awe mshika mizani na asipimwe na mtu. Huku kwetu Myamba kwenye tangawizi jambo hili linaonekana kila msimu. Mkulima ameshachimba, ameosha, ameanika, na mnunuzi amefika na gari lake hadi kando ya shamba. Mnunuzi anataka lumbesa: gunia lililojaa mpaka mdomoni halafu likaongezewa kichwa juu na kufungwa kwa kamba, huku bei ikibaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Mama mwenye shamba akisema, "Leta mizani tupime," mara nyingi jibu analopewa halihusu uzito. Anaambiwa ana maringo, anajiona, wenzake wote wameuza bila maneno. Sasa tazameni nani hapo amedai nini. Mama hakuomba bei ya pekee, wala hakusema tangawizi yake ni bora kuliko ya jirani. Ameomba kilo ihesabiwe kilo, na angeomba vivyo hivyo kwa ajili ya jirani yake. Anayetaka kipimo kisichokuwepo kwenye sheria ni mnunuzi, na ndiye anayemwita mwenzake mwenye kiburi. Hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani: neno kiburi hutupwa na mwenye mizani mbovu dhidi ya anayeomba mizani.

Na mfano mkubwa kuliko huo tunao katika historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upareni kodi mpya iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Iliipa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani ambao watu walikuwa wakiupeleka kwa wafumwa, yaani watawala wa jadi, kana kwamba watu wangeipokea kwa kuwa wanalifahamu jina. Makadirio yalifanywa na wafumwa na wajumbe wao. Walikaa wakahesabu mashamba na mifugo ya mtu, kisha wakamtajia kiwango chake. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani, kaskazini na kusini, wakaenda kukaa Same kwenye makao makuu ya wilaya, wakasema hawaondoki mpaka mbiru ifutwe. Hawakuchoma boma wala hawakumpiga mtu. Walikaa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu na mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi hii, aliyaandikia maandamano hayo kijitabu kizima mwaka 1971, na ndiye aliyefanya jina la Paulo Mashambo, mmoja wa viongozi wa harakati hizo, lisipotee. Mgogoro uliendelea kwa miezi mingi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia. Maelezo yaliyohifadhiwa yanasema walimkabili bwana shauri, wakamtaka ama aumalize ugomvi wa kodi waume zao warudi nyumbani, ama awe yeye mume wao wote na awazalishe. Kufikia 1947 kodi ile ilikuwa imeondolewa.

Kwa mkoloni hicho kilikuwa kiburi cha watu wa milimani wasiojua kinachowafaa. Lakini tukiangalia madai yao, mstari hauna utata. Hawakukataa kuchangia serikali, maana walikuwa tayari kulipa kodi iliyo sawa kwa wote. Walichokikataa ni kupimwa na mtu wasiyeweza kumuuliza amepimaje. Na lile neno la wanawake wa Usangi, ambalo wengi hulisimulia kama kichekesho, mimi naliona kuwa hoja kali kuliko zote zilizotolewa pale. Lilimwambia mtawala kwamba kama ana mamlaka ya kuzitenganisha nyumba, basi achukue na wajibu wa nyumba hizo. Ni kumrudisha mtu kwenye mizani yake mwenyewe, mbele ya hadhara, bila kumtukana.

Najua kuna pingamizi hapa, nalo ni zito. Kodi ya kukadiria mali ndiyo kodi ya haki, mwenye nacho alipe zaidi. Hata leo mshahara hukatwa kodi kwa ngazi, na hakuna anayesema mwalimu wa shule ya msingi akatwe sawa na mkurugenzi wa benki. Je, haiwezekani kwamba waliokaa Same walikuwa wamejificha nyuma ya heshima ili matajiri wao wasilipe? Sitalipuuza pingamizi hili. Katika umati wa maelfu hawakosekani wenye kahawa nyingi na mifugo mingi waliokuwa na sababu zao, na kodi iliyo sawa kwa wote humwumiza maskini. Bado jibu langu ni kwamba kanuni inaweza kuwa ya haki na mpimaji asiwe wa haki. Kodi ya mshahara ina jedwali lililochapishwa. Mtu akikatwa kimakosa anaweza kukaa na karatasi yake akaonyesha kosa liko wapi. Mbiru ilitegemea jicho la wajumbe, na wajumbe wana shemeji zao na maadui zao. Watu wanaweza kuwa wamekosea kuhusu aina ya kodi inayofaa huku wakiwa sahihi kabisa kuhusu namna wanavyostahili kutendewa. Kujithamini hakumfanyi mtu awe na jibu sahihi la kila kitu. Kunamfanya adai kuonyeshwa hesabu.

Linganisheni na maandamano mengine, ya tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa vyuo jijini Dar es Salaam, wengi wao wa Chuo Kikuu, walikwenda kumwona Rais Nyerere wakipinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewataka watumikie miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere aliwaona ni kundi linalojitenga na wananchi waliolisomesha, akawafukuza, karibu 400, warudi kwao. Hapo kwa nje ni kama Same tena: watu wameandamana kwenda kwa mtawala, mtawala amewaona wana kiburi. Kwa kipimo ninachopendekeza, hata hivyo, mambo hayalingani. Sehemu ya madai ya wanafunzi ilikuwa kwamba elimu yao inawaweka kwenye hesabu tofauti na kijana wa kijijini, ambaye kodi ya baba yake ndiyo iliyowalipia masomo. Hicho kilikuwa kiburi, ingawa kilikuwa cha vijana na kilisameheka baadaye. Lakini sehemu nyingine ya madai yao ilikuwa kweli tupu: waliuliza mbona viongozi wanaowataka wajinyime wanalipwa mishahara minono. Na Nyerere, pamoja na hasira zake zote siku ile, hakulikwepa swali hilo. Alitangaza palepale kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Ninachokiheshimu kwake katika tukio lile, zaidi ya hotuba yenyewe, ni kwamba alikubali kupanda juu ya mizani aliyowapandisha wenzake. Ndani ya saa chache watu walewale walikuwa na kiburi na haki kwa pamoja. Hili linapaswa kutufanya tuwe wazito kidogo kumbandika mtu jina zima.

Miaka minne na ushee baadaye, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Sehemu nyingi duniani kiburi ni kosa linalosemwa juu ya watu wa chini: mtumishi ana kiburi, mwanafunzi ana kiburi, mke ana kiburi. Hapa waraka wa chama tawala uligeuza mkono na kusema kiburi hasa ni ugonjwa wa aliye juu. Wafanyakazi wa viwandani waliuelewa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka viwandani huku wafanyakazi wakiitaja ibara hiyohiyo, na kuna mahali walipowafungia mameneja nje ya lango. Malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya matusi, ya kudharauliwa mbele ya wenzao, ya meneja asiyejibu. Baadaye serikali yenyewe ilichoshwa na migomo hiyo, na mizani iliyotolewa kwa mkono mmoja ikaanza kurudishwa kabatini kwa mkono mwingine. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nahamia kwenye pingamizi ambalo najua wengi mliomo humu mnalo, maana milima hii ina makanisa na misikiti mingi. Wengine watasema kujithamini ni lugha ya wageni, na kwamba sisi tumefundishwa unyenyekevu. Biblia inasema wenye kiburi watashushwa, Qurani nayo haimpendi mwenye kujivuna. Ni kweli. Lakini soma maandiko hayo hadi mwisho. Paulo alipowaandikia Warumi, katika sura ya 12, hakuwaambia wajidharau. Aliwaonya mtu asijidhanie makuu kupita inavyompasa, bali afikiri kwa kiasi kulingana na kile Mungu alichomgawia. Hayo ni maneno ya kipimo cha kweli, ambacho kinamkataza mtu kujipunja kama kinavyomkataza kujizidishia. Na katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Alijibu kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sijaona mwanasaikolojia aliyelisema jambo hili kwa ufupi zaidi. Kijana aliyenyoa vizuri na kuvaa suti iliyopigwa pasi siku ya Ijumaa au Sabato au Jumapili hajavuka mstari wowote. Mstari unavukwa pale anapoonyeshwa haki akaikataa kwa sababu ya aliyemwonyesha.

Hapo ndipo penye mtihani wa yule mwenye kesi ya kuku, maana mtu anaweza kuniambia kipimo changu ni kizuri kwa kuwapima wengine, lakini mwenye kiburi naye atasema anadai haki. Ni kweli atasema, tena kwa sauti kubwa. Tusimsikilize anapodai. Tumtazame siku anapodaiwa yeye. Wazee waliojenga ndiva, yale mabwawa madogo ya umwagiliaji, walilijua hili bila kusoma popote. Kwenye vijiji kama Bangalala, maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Zamu ya maji inakwenda pamoja na msaragambo: anayetaka maji ashiriki kuzibua matope na kutengeneza kingo, na asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu. Kila mtu husema maji ni haki yake, hakuna anayebishania hilo. Wanachotofautiana ni jinsi wanavyopokea siku ya kutozwa faini. Mmoja atauliza, "Nimekosa lini?" ataonyeshwa daftari, atalipa akinung'unika, na wiki ijayo utamkuta na jembe lake. Mwingine hata daftari hataki kuliona. Atauliza, "Mnajua mimi ni nani?" Kwa swali hilo ameacha kuzungumzia maji. Basi na mpiganiaji wa kuku tumngoje hukumu. Akishindwa kwa ushahidi akaikubali, alikuwa anadai haki hata kama alikosea. Akishindwa akatangaza kwamba hakimu amenunuliwa, na karani, na shahidi, na mwenyekiti, basi tangu mwanzo kuku hakuwemo katika kesi.

Nimalizie na watoto, kwa sababu nadharia ya kiasi inadhuru zaidi kwao. Mwanafunzi anayenyoosha kidole na kusema, "Mwalimu, ubaoni jibu ni 24 lakini kitabuni ni 42," huambiwa ni mjuaji, ana kimbelembele, anajimwambafai. Amefanya kosa gani? Ameonyesha mizani mbili zisizolingana na ameomba itafutwe iliyo ya kweli. Tukimnyamazisha tunamfundisha kwamba heshima ni kunyamaza, na siku atakapopata cheo atakuwa amejifunza pia kwamba mwenye cheo haulizwi. Kiburi cha wakubwa wengi kilipandwa hivyo, kwa kushushwa walipokuwa wadogo. Upande wa pili wako wazazi wanaojaribu kuponya unyonge kwa sifa: mwanangu hana mfano, watoto wa jirani si saizi yake. Eddie Brummelman na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 500 nchini Uholanzi pamoja na wazazi wao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto walioambiwa na wazazi kuwa ni bora kuliko wengine waliongezeka kujiona, ilhali waliopewa upendo na kukubalika nyumbani waliongezeka kujithamini. Ni dawa mbili tofauti, zenye matokeo mawili tofauti. Mtoto hahitaji kuambiwa amewazidi wenzake. Anahitaji kujua kwamba akikosa hesabu leo bado atapewa ugali na atapangiwa kazi jioni kama wenzake, na kwamba akisema mwalimu amekosea, mwalimu atageuka atazame ubao.

Walimu mlioko hapa mtaniuliza darasa la watoto 70 litaongozwaje kama kila mmoja anaweza kusahihisha. Naamini litaongozwa vizuri zaidi, mradi kanuni iwe ileile kwa wote: anayesahihisha aonyeshe njia aliyopita, na akikosea yeye akae bila kuchekwa. Mwalimu naye hivyohivyo. Kazi hiyo inachosha, inakula dakika za kipindi, na mthibiti ubora wa shule anaweza asiipende. Lakini watoto hawa ndio watakaokaa kwenye mkutano wa ushirika wa tangawizi miaka 20 ijayo, na mmoja wao atasimama kumwomba mwenyekiti asome hesabu za mwaka. Mwenyekiti siku hiyo atakuwa mwanafunzi mwenzake, wa darasa lilelile.